Suisi Hapigi Magoti

Jina lake nalijua, la ubatizo na la kwao pia, lakini silitaji, kwa sababu mtaani hakuna aliyelitumia. Hata mke wake, chakula kikiwa tayari, alisimama mlangoni akapaza sauti: "Suisi! Bukari inapoa!" Naye alitokea nyuma ya nyumba, mrefu, kifua mbele, akitembea taratibu kana kwamba ule ugali ni askofu anayemngojea. Tulipakana naye katika site ya Elisabethville, mtaa wa sisi weusi, ua wa matete tu kati ya lupango lake, yaani kiwanja chake, na letu. Mimi nilikuwa na mashine yangu ya kushona barazani, na ule ua ulikuwa na matundu. Kwa hiyo ninayokuambia sikusimuliwa.

Neno lenyewe alituletea Padri. Katika makanisa ya kwao Ubelgiji, alisema, huwa kuna mtu wa kushika utaratibu: anatangulia maandamano, anafungua njia, ananyamazisha wapiga soga, na mkononi anabeba silaha ya kizamani kwa heshima ya Sakramenti. Mtu huyo huitwa suisse. Padri alitamka vizuri, sisi tukasikia Suisi, ikawa Suisi. Baadaye watoto walirudi kutoka shule wakicheka: eti Suisi ni nchi, ina milima mirefu na ng'ombe wanaovaa kengele. Mume wangu, ambaye hakuwahi kuacha utani ukapita bure, alimfuata jirani hadi kwake.

"Ndugu, muntu anaweza kuwa inchi?"

"Padri amenifanya inchi," alijibu, uso mkavu. "Ukitaka kuingia kwangu, leta karatasi ya ruhusa."

Tulicheka wiki nzima, maana karatasi za ruhusa tulizijua. Yeye hakucheka. Utani wake ulikuwa hivyo, anautoa kama mtu anayetoa amri, na usipokuwa mwepesi unapita huku umekodoa macho.

Mkate wake aliupata katika atelye, karakana ya reli, pamoja na mume wangu. Alikuwa mnoaji. Patasi, randa, misumeno, vyote vilipita kwenye jiwe lake. Na ugonjwa wa kazi aliuleta hadi nyumbani, hakuweza kuona kitu butu akanyamaza. Mara kwa mara mkono wake ulipita juu ya ua: "Mama, leta makasi." Sikuwahi kumwomba. Alisikia tu, kutoka kwake, jinsi mkasi wangu unavyotafuna kitambaa badala ya kukikata, na sauti ile ilimkera kama mtoto anayelia. Alipourudisha, aliugeuza kwanza: makali upande wake, mpini upande wangu. Kisu, jembe, shoka, chochote chenye makali alikitoa hivyo. "Kwetu, ukimupa muntu kintu ya kukata, unaiangaliza kwako," aliniambia. "Ukiiangaliza kwake, umeanza vita." Kwao ni kaskazini, upande wa Pweto, ziwani.

Kanisani alikuwa mtu mwingine. Kifaransa alijua maneno manne tu: silence, chapeau, avancez, reculez, yaani kimya, kofia, songa mbele, rudi nyuma. Kwayo alitawala watu wote. Mwanamume aliyesahau kofia kichwani alisikia "Chapeau!" ikilia nyuma ya sikio lake. Wanawake waliokuja misa kusengenyana, nami nikiwemo, tulikuwa tukiguswa kiatu kwa ncha ya chini ya mti wa silaha yake, polepole, mara moja. Siku moja nilimnong'onezea kwamba Mungu hachukii mazungumzo. "Mama," alisema, "Mungu anasikia. Ni miye njo sisikii." Kisha nyumbani nilimsikia akiwafukuza kuku jikoni: "Reculez! Reculez!" na kuku, haki ya Mungu, walirudi nyuma.

Na mtu huyo huyo aliogopa mbwa. Si kuogopa kidogo. Akiona mbwa barabara nyingine, alikumbuka ghafula kwamba alikuwa akienda upande wa pili. Mjini kwa Wazungu, ambako kila ukuta ulikuwa na mbwa wake, alitembea katikati ya barabara kama gari. Nilimwuliza mwenye mkuki anaogopaje mbwa. Aliniambia mkuki ni wa Padri, miguu ni yake.

Sasa huo mkuki.

Haukuwa mkuki hasa. Wazungu waliuita hallebarde, sisi tukasema alebardi. Ni mti mrefu kumpita mtu. Juu kabisa ncha ya mkuki, upande mmoja shoka pana, upande mwingine ndoano ya kumwangusha mtu kutoka juu ya farasi. Yaani vitu vitatu vya kuua katika mpini mmoja, na mtu akaona vizuri kuviweka mbele ya Sakramenti. Ilikuwa ya zamani mno, ya babu za babu za Wazungu. Aliyeileta Kongo alikuwa mzee mmoja Mbelgiji, mjane, tuliyemwita Bwana Mikuki, na nyumba yake ilikuwa mjini, kwenye barabara yenye miti ya maua ya zambarau. Padri alikula kwake Jumapili, ndiyo maana alimwazima.

Niliingia nyumba ile mara moja. Padri alikuwa amenipa kazi ya kushona koti la Suisi, na Bwana Mikuki akatoa pazia kuukuu jekundu la sebuleni. Tulienda wote wawili, mimi kuchukua pazia, Suisi kupokea alebardi. Yesu Maria! Sijaona nyumba kama ile. Hakukuwa na ukuta, kulikuwa na chuma. Upande wa kushoto panga za kwao, ngao, kofia za vita, bunduki za kujazwa kwa mdomo, na alebardi kama ile zimesimama safu. Upande wa kulia vya kwetu: mikuki ya ziwani, pinde, visu vya wawindaji, mashoka ya wakubwa yenye mpini uliovishwa shaba. Kila kitu kilikuwa na kistuli chake au kulabu yake. Mpishi wake, mtu wa Kasai, alitunong'oneza kwamba yeye hana kiti jikoni.

Bwana Mikuki alituonyesha kwa mkono. "Hii ya kwetu. Hii ya kwenu. Hapana gusa."

Lakini Suisi alikuwa amekwisha gusa. Alisimama mbele ya shoka moja la kwetu, akaweka kidole gumba kwenye makali, akakipitisha mara moja. Kisha la pili. Kisha upande wa kushoto, upanga. Mzee hakukasirika, alimtazama kwa namna ya mtu aliyemwona mwenzake. Akampa alebardi kwa mikono miwili, akamfundisha kuishika, kuishusha, kuisimamisha. Nafikiri walikuwa wamesahau kwamba mimi nipo, nimekumbatia pazia lenye vumbi, napiga chafya.

Nje, katikati ya barabara kwa sababu ya mbwa, Suisi alisema: "Banaziua."

"Nani banaua nani?"

"Zile mashoka. Na zile panga zabo wenyewe. Hakuna hata moja inakata. Amezifanya butu zote, eti mutumishi asijikate akipanguza fumbi."

"Na hii?"

Alinipitishia makali ya alebardi mbele ya pua, bila kusimama. Ilikuwa butu kama mwiko. "Hii pia," alisema. "Maskini."

Nilidhani anatania.

Polisi waliruhusu, lakini kwa sharti. Komisere, yaani mkuu wa polisi wa mji, alimwambia Padri kwamba mtu mweusi hashiki silaha, iwe kanisani au popote. Ila kama chuma hakikati, si silaha, ni pambo. Siku kitakapokata ni silaha, na mwenye kuishika atajua yeye ni nani. Padri, mtu mwema asiyejua kunyamaza, alituelezea yote juu ya mimbari, kwa Kiswahili chake: "Musiogope, bandugu. Hii hapana silaha. Hii ni pambo tu."

Ee, wanawake wa bombani walipata chakula. Kesho yake Suisi akipita kwenda kazini: "Pambo! Habari ya asubui, Pambo?" Mwingine: "Pambo, karibu tukutundike ku nyumba!" Nilimngoja ajibu, maana ulimi wake ulikuwa mkali kuliko wetu sote. Aliinua kofia akapita. Tukacheka kidogo zaidi, kisha tukaacha, kwa sababu haikuwa tamu tena.

Niseme pia juu ya kusimama. Wakati wa mageuzo, mkate unapogeuzwa Mwili wa Bwana, kengele ikilia, kila goti hushuka. Suisi hapigi magoti. Padri alimfundisha hivyo: suisse husimama, alebardi wima, anawalinda wote walioinamisha kichwa. Kwetu haikuwa neno. Lakini katika sikukuu kubwa tulipelekwa kusali kanisa la mjini, Wazungu mbele, sisi nyuma, na Suisi mbele ya wote, kando ya altare. Kengele ililia. Wakubwa wa mji, mabibi wenye kofia za manyoya, majaji, wote chini. Na juu yao, katika koti jekundu nililolishona kwa mikono yangu, mtu mweusi mmoja amesimama. Nilitakiwa kuinamisha kichwa lakini sikuinamisha. Nilimwona Komisere katika safu ya kwanza, magoti chini, macho yake yakipanda kutoka viatu vya Suisi, polepole, hadi usoni. Nilijivunia na niliogopa kwa pamoja, na sikujua ni lipi lilinitoa machozi.

Kisha ulikuja mwaka wa vita ya Wazungu, mwaka wa manung'uniko. Kazini watu walichoka, wakaanza kukaa vikundi vikundi, na kapita, msimamizi wao, akipita wananyamaza. Wakubwa wakashtuka. Askari walipita lupango kwa lupango, mchana, wakikusanya mikuki, pinde, mapanga, na mashoka pia. Mashoka ya kuni! Jirani wa barabara ya nyuma alichukuliwa kwa ajili ya mkuki wa marehemu baba yake uliokuwa darini. Alipigwa fimbo mbele ya watu, akatumwa mbali, mahali pasipofika reli, na mke wake akaambiwa ahame nyumba na watoto kabla jua halijatua. Tulimsaidia kufunga vyombo. Suisi alibeba kitanda chao begani, mpaka njia ya kutokea.

Shoka lake mwenyewe pia lilichukuliwa. Alebardi iliachwa. Askari aliisoma karatasi ya ruhusa ya Komisere, akagusa makali, akacheka: "Pambo."

Wiki ile ile, alebardi ilisafiri hadi atelye ikiwa imefungwa kwa gunia. Mume wangu aliiona ikiingia, akadhani inakwenda kutolewa kutu. Mke wa Suisi ana maelezo yake hadi leo: mumewe alimwonea huruma. "Kuni nitapasua na nini? Na meno?" Mume wangu ana maelezo yake: mnoaji ni mnoaji, hawezi kulala nyumba moja na chuma butu. Mimi niliyajua yote mawili, na hakuna lililonitosha.

Kwamba imenolewa, nilijua mimi kabla ya wao. Jumamosi, siku moja kabla ya maandamano ya Sakramenti, alikuja barazani kwangu nimtengenezee vishada vya nyuzi nyekundu vinavyoning'inia chini ya chuma. Nilimaliza, uzi mmoja ukabaki mrefu. Nikanyosha mkono kuchukua mkasi.

"Wacha makasi, mama."

Aliulaza uzi kwenye makali. Hakuvuta, hakusukuma. Uzi ulianguka.

"Suisi! Komisere alisema nini?"

"Alisema ikikata, iko silaha."

"Na sasa inakata!"

"Njo vile."

"Weye unatafuta kufa! Batakuchapa, batakutuma kule kusiko reli. Na mama wa batoto, ataenda wapi? Unakumbuka kitanda ulibeba? Kesho bantu batabeba chako!"

"Silence, mama," alisema, taratibu, karibu kwa upole. Aliichukua alebardi yake akaondoka.

Nilimtuma mume wangu amwambie aifubaze, aipige hata kwa jiwe, afanye lolote. Alirudi akikuna kichwa. "Anasema kesho iko siku ya Mungu, atelye imefungwa." Tuligombana hadi tukalala bila kula, maana nilimwambia yeye ndiye aliyeliona gunia, naye akaniambia mimi ndiye niliyemshonea koti.

Jumapili tulitoka parokia tukiimba. Suisi mbele, halafu msalaba, watoto wa maua, kisha sisi mama wa kundi la Bikira, mimi nikiwa nimeshika mti wa bendera, mke wa Suisi kando yangu akishika kamba yake. Padri na Sakramenti nyuma yetu chini ya kitambaa cha dhahabu. Njia ilitoka site, ikapita ule uwanja mtupu uliowekwa kututenga na mji, ikavuka reli. Kila nilipoinua macho niliona shoka lile likimeta. Nilijiuliza inakuwaje hakuna anayeona. Chuma butu hakimeti hivyo.

Kwenye reli palikuwa na askari safu moja. Komisere mbele yao, mavazi meupe. Kando, kivulini, Wazungu waliokuja kuipokea Sakramenti, na miongoni mwao Bwana Mikuki na fimbo yake.

Komisere aliinua mkono. Wimbo ulikatika vipande vipande, wa mbele kwanza, wa nyuma wakaendelea kidogo bila kujua.

Padri alipita kati yetu haraka. Waliongea Kifaransa, lakini mimi nilisoma kwa masista, nilishika ya kutosha. Padri alisema ruhusa ipo. Komisere alisema ruhusa ni ya pambo, na wiki hii mji hauna raha, anataka kuona. Padri akacheka, maskini, kwa moyo mweupe kabisa: aone, aone, haikati hata siagi. Mkono wa mke wa Suisi uliacha kamba ukanishika mimi, kucha zikaingia katika nyama. Basi naye alijua.

Komisere alipiga hatua, kisha akasita. Nafikiri hakutaka kuonekana akipima makali mbele ya mtu mweusi, kama mnunuzi wa kisu sokoni. Aligeuka kivulini. "Mzee, ni chako. Tuambie wewe."

Bwana Mikuki alikuja polepole, fimbo ikigonga mawe ya reli. Alisimama mbele ya Suisi. Suisi aliishusha alebardi kama alivyofundishwa, lakini kabla ya kuitoa aliigeuza, makali upande wake mwenyewe, ndoano upande wa mzee. Nililiona hilo kwa macho yangu. Mzee aliunyosha mkono akazunguka chuma, akaweka gumba, akalipitisha.

Hakukuwa na sauti. Kope zake tu zilitikisika. Alimtazama Suisi, na Suisi alimtazama. Sema, niliomba moyoni, au usiseme, lakini fanya haraka.

Mzee alifumba ngumi. Akaitumbukiza katika mfuko wa koti lake jeupe.

"Haikati," alisema kwa Kifaransa. "Padri amesema kweli. Hata siagi."

Askari mmoja alicheka. Komisere alimtazama Suisi kwa muda, kisha akasogea kando. Lakini Suisi hakutembea. Alisimama pale pale, na mimi nikaona kwa nini: chini ya mfuko wa mzee doa jekundu lilikuwa linakua. Komisere akigeuza shingo tu, analiona. Nikafungua mdomo nikaanza wimbo, juu mno, sauti ikanipasuka, na mama wote wakadandia kunifunika kwa aibu. "Avancez!" nilipiga kelele katikati ya wimbo, neno la Suisi mwenyewe. Akashtuka, akatembea.

Usidhani mzee yule alikuwa malaika. Watu walisema alimwokoa Suisi kwa upendo. Aka! Mpishi wake alituambia ukweli: katika zile bunduki za ukutani kulikuwa nyingi ambazo hazikuandikwa popote. Alebardi moja ikiitwa silaha, Komisere ataingia nyumbani kuhesabu nyingine. Mzee aliokoa ukuta wake. Tena kesho yake alikuja na gari hadi parokia, kidole kimefungwa kitambaa, akaichukua alebardi. Aliongea na Suisi peke yao nyuma ya sakristia, maneno machache. Baadaye alirudi kwao Ulaya, na ukuta wote ukaondoka katika masanduku, wa kushoto na wa kulia, vyake na vyetu.

Padri alimtengenezea Suisi alebardi nyingine, ya ubao, iliyopakwa rangi ya fedha. Ilikuwa nzuri kwa mbali. Suisi aliishika, akaipima uzito, akamrudishia kwa adabu. Koti nalo aliniletea likiwa limekunjwa. Tangu siku ile alikuja misa ya alfajiri, ya wazee na wagonjwa, akakaa benchi la nyuma, na kengele ilipolia alishuka magoti kama sisi wote. Mara ya kwanza kumwona hivyo niligeuka nikatazama ukuta. Hakufungwa, hakupigwa, mkewe hakuhamishwa, watoto walikula kwao. Nilikuwa nimeomba hayo na nilipewa. Lakini mtu aliyekuwa akiwarudisha nyuma kuku kwa neno moja alikuwa amekwisha, na hakuna tuliyeweza kumlaumu.

Reli ilimhamishia Sakania, huko mpakani. Mkono wake haukupita tena juu ya ua, na mkasi wangu nilianza kuunoa kwa chini ya sahani, vibaya.

Miaka mingi baadaye binti yangu, ambaye Suisi ndiye baba yake wa ubatizo, aliolewa na karani wa steshini ya Sakania. Nilipanda treni kwenda kumwona mjukuu. Karibu na adhuhuri nilitoka kutembea, na mwanzoni kabisa mwa soko nikasikia jiwe la kunolea. Sauti ile ningeijua hata usingizini. Alikuwa ameketi chini ya kipaa cha bati, mzee kabisa, akikanyaga gurudumu, majembe na visu vya watu vimepangwa mbele yake. Miguuni pake alilala mbwa.

Nilisimama mbali. "Suisi! Na imbwa?"

Hakushangaa kuniona, au hakutaka nijue. "Hii haina meno, mama. Nimeangalia mu kinywa. Iko pambo."

Nilicheka hadi nikakaa chini. Yeye, kama kawaida, uso mkavu. Tulipeana habari: mke wake, mume wangu, waliokufa, waliozaa. Kisha mkono ukanyoshwa, ule ule. "Leta makasi."

"Umejuaje niko nayo?"

"Weye bila makasi?"

Niliutoa katika mfuko. Aliutazama kwa huzuni ya kweli, akaugeuza huku na huku. "Nani amefanya hii?" Akaanza kunoa, na mimi nikaona kwamba nisipouliza sasa nitakufa sijauliza.

"Suisi. Ile alebardi. Ulinoa juu ya nini?"

Gurudumu halikusimama. "Bwana Mikuki pia aliniuliza. Kule nyuma ya sakristia."

"Ukamujibu nini?"

"Nikasema, juu ya kuni."

"Na miye, unanijibu nini?"

Aliinua mkasi, akaupuliza vumbi. "Hii makasi, nanoa juu ya nini?"

"Juu ya kukata kitambaa."

"Na ile, ilikuwa juu ya kukata nini?"

"Sijui," nilisema. "Njo maana nauliza."

"Mi pia sikujua, mama." Sasa aliacha kukanyaga. "Nilibeba kitanda ya yule jirani, nikarudi nyumba, nikaona ile kintu imesimama mu kona. Sikujua ni ya nani, sikujua ni ya siku gani. Nilisema tu, siku nitajua, isinikute na pambo mu mikono."

Nilikuwa nimemfokea barazani, nikamwona mjinga miaka yote hii, nikamsamehe ujinga ambao hakuwa nao. Nilitaka kumwambia hivyo, lakini alikuwa amekwisha ugeuza mkasi, makali upande wake, mpini upande wangu, ananipa.

Hapo kengele ya kanisa ililia saa sita, ya Malaika wa Bwana. Sokoni kelele zilikatika. Mama wa samaki walishuka magoti kando ya vikapu vyao, vijana wa mizigo wakavua kofia, wakashuka pia, kama tulivyofundishwa sote tangu utoto. Suisi alishika nguzo ya kipaa, akajivuta, magoti yakilia. Nilidhani anatafuta mahali pa kuyaweka. Hakushuka. Alisimama, kifua mbele, ngumi moja imefungwa kando yake juu ya mti usiokuwepo.

Magoti yangu yalikuwa yamekwisha anza kukunjika. Niliyanyosha. Nikasimama kando yake na mkasi wangu mkononi, unakata, mpaka kengele ikaisha.